Mikunjo ya Shuka: Namna ya Kuijua Lojing Nzuri Kati ya Embu na Meru

Lojing mpya ikifunguliwa kando ya barabara ya Embu kwenda Meru, sifa zake hufika steji kabla rangi haijakauka ukutani. Abiria husimuliana: vigae vinang'aa, dari ni ya jipsamu yenye taa za buluu pembeni, televisheni imetundikwa ukutani, na juu ya kitanda taulo limekunjwa umbo la bata. Wanalipiga picha. Hakuna anayeuliza kama shuka lilikuwa kavu. Hakuna anayesema kama maji ya kuoga yalitosha kusuuza kichwa. Kwa watu waliozeekea kazi ya kulaza wageni, na kwa wasafiri waliowahi kulazwa na watu hao, sifa za namna hii zinaudhi. Zinamsifu fundi wa vigae, na kazi yenyewe zinaipita kama haipo.

Na kazi hii ina ufundi wake. Barabara hiyo inatoka Embu, inapita Runyenjes, Chuka na Nkubu, inavuka ikweta na kuingia Meru mjini, na kila mji una wageni wake. Chogoria, ambako misheni ya Kanisa la Scotland ilianza mwaka 1922, wanalala jamaa za wagonjwa waliolazwa hospitalini na wapanda mlima wanaoingia Mlima Kenya kwa njia ya upande huo. Maua, mbele ya Meru, ni wafanyabiashara wa miraa. Embu na Meru, tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, ni watu wa semina, wenye kesi mahakamani na mawakala wa kampuni za mbegu. Chuo Kikuu cha Chuka kilipata hati yake mwaka huo wa 2013, cha Embu mwaka 2016, na wiki ya mahafali mzazi aliyechelewa kupiga simu analala kwenye gari. Wageni wote hao wanataka kitu kimoja: usiku mmoja wa usingizi kwa pesa ambayo haitavuruga safari.

Serikali haimsaidii mtu kuchagua hapa. Mamlaka ya Kudhibiti Utalii hupanga hoteli kwa nyota, kwa kufuata vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini chumba cha shilingi 1,000 juu ya duka la agroveti hakina nyota hata moja, kizuri kiwe au kibaya. Mgeni anabaki na jicho lake.

Jicho hilo lianze kitandani, na kitandani lianze kwenye mikunjo.

Asiyejua hufurahia shuka lililonyooka tambarare, bila mkunjo hata mmoja. Hapo ndipo anapoliwa. Hoteli kubwa ina mashine ya kunyoosha: shuka linapita kwenye rola za moto na kutoka limelainika lote. Lojing ya Runyenjes haina mashine hiyo. Ina karai, kamba na pasi. Shuka lililofuliwa, likaanikwa, likapigwa pasi, likakunjwa na kukaa kabatini, likitandikwa ni lazima litoke na mistari yake. Kwa ukunjaji wa zamani, ambao ndio sahihi, shuka hukunjwa mara moja kwa urefu, kisha mara mbili kwa upana. Likifunguliwa linaonyesha mstari mmoja mrefu kutoka kichwani hadi miguuni, na mistari mitatu inayoukata. Mwenye kuijua kazi huutandika ule mstari mrefu katikati ya kitanda, umenyooka kabisa. Mistari hiyo ndiyo ushahidi kwamba shuka limetoka kabatini leo.

Shuka ambalo mtu amelilalia lina mikunjo pia, lakini ni midogo, imepindapinda, imekusanyika pale nyonga na bega vilipokaa. Mhudumu mdanganyifu akiiona hafui. Hunyunyiza maji kidogo, hupitisha pasi papo hapo juu ya godoro, hupuliza marashi, kisha huchukua taulo na kutengeneza bata. Kitanda kinapendeza. Mistari haipo, ya kulalia wala ya kabatini, na mgeni anadhani ameingia mahali pa maana.

Kuna ushahidi wa pili, na huu unatokana na nchi yenyewe. Udongo wa miteremko hii ya Mlima Kenya ni mwekundu, una chuma kingi, na unashika. Mtu aliyetembea Kianjokoma wakati wa mvua, hata akinawa miguu jioni, hubaki na wekundu kidogo kwenye kisigino. Usiku mmoja ukipita, upande wa miguuni wa shuka unakuwa na rangi hafifu ya kutu. Mdanganyifu anayelijua hilo huligeuza shuka, miguuni pakawa kichwani, akapafunika kwa mto. Kwa hiyo msafiri mzoefu, kabla hajatua begi, huinua mto kwanza. Akikuta wekundu pale alipotaka kulaza shavu, huomba chumba kingine au huenda zake.

Lakini asichanganye. Wekundu uliotawanyika shuka zima, kama pinki iliyochujuka, hauonyeshi udanganyifu bali ufuaji mbaya. Doa la udongo huu linataka kulowekwa mapema kwenye maji baridi na kusuguliwa kwa sabuni ya mche. Anayelikimbilia kwa Jik anajipunja mwenyewe: klorini haitoi kutu ya chuma, na mara nyingi hulifanya doa likae moja kwa moja. Nyumba yenye mashuka ya pinki ambayo zamani yalikuwa meupe ina mtu mwenye bidii asiyefundishwa. Hapo mgeni anaweza kulala, na akimweleza mfuaji kwa heshima, atakuwa amemsaidia.

Halafu kuna ukavu. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hukaa juu ya Embu, Chuka na Meru, na manyunyu huweza kuendelea siku kadhaa bila jua kuonekana. Shuka la pamba nzito lililoanikwa Jumatatu huenda Jumatano bado lina unyevu. Nyumba inayojiheshimu ina jozi tatu kwa kila kitanda: moja kitandani, moja kambani, moja kabatini. Msimu wa baridi inahitaji nne. Ishiara au Marimanti, kule chini kwenye joto, mbili zinatosha. Hesabu hii nyepesi ndiyo inayowashinda wenye lojing wengi. Wamelipia dari ya jipsamu, jozi ya tatu hawajainunua.

Ukavu haupimwi kwa kiganja, maana shuka la baridi na shuka lenye unyevu hufanana mkononi. Hupimwa kwa shavu, au kwa kuingiza mkono kati ya shuka na blanketi na kuuacha humo kidogo. Shuka kavu linapata joto la mkono. Lenye unyevu linabaki vile vile, na usiku kucha litabaki vile vile.

Chuka kulikuwa na mama mmoja, sasa amestaafu, ambaye walimu wa zamani na madereva wa malori ya maziwa bado humtaja. Usiku mmoja wa Julai mgeni alifika akakuta funguo tatu zinaning'inia ukutani nyuma ya meza.

"Mama, si naona funguo hizo?"

"Funguo ziko, mwanangu. Chumba kikavu ndicho hakuna."

Akachukua tochi, akamsindikiza mwenyewe hadi kwa mshindani wake wa mtaa wa pili. Mashuka yake aliyakunja yeye mpaka siku ya mwisho. Msichana aliyetandika mstari ukaenda upande alirudia kitanda kizima.

Meru mjini kulikuwa na mwingine, msimamizi wa nyumba moja karibu na steji. Huyo alitundika mashuka kambani kila asubuhi, upande wa barabarani, bila kuyafua. Aliyamwagia jagi la maji ili yadondoke, wapita njia waone nyumba inafua. Aliyemgundua alikuwa fundi cherehani wa jirani, mtu ambaye macho yake yalizoea kitambaa: madoa yalikuwa yale yale, mahali pale pale, wiki nzima.

Shuka liwe jeupe. Lenye maua, lenye madoa ya chui, lenye nembo ya klabu ya mpira ya Uingereza, halikaguliki, na kwa hiyo halifai. Hilo halina mjadala.

Baada ya shuka, maji. Karibu kila chumba cha selfu siku hizi kina ile shawa ya umeme inayochemsha maji papo kwa papo. Nyingi zinatoka Brazil. Lorenzetti, jina linalojulikana zaidi kwa mafundi wetu, ni kampuni ya São Paulo iliyoanzishwa mwaka 1923, na msafiri wa nyumba za bei nafuu za Brazil au Bolivia huoga chini ya kifaa cha aina hiyo hiyo. Kifaa chenyewe si kibaya. Kibaya ni kukitaka kifanye kisichowezekana. Shawa ya wati 5,500 ikipandisha joto la maji kwa nyuzi 20 hutoa takriban lita 4 kwa dakika, basi. Kujaza ndoo ya lita 20 ni dakika tano. Kwa maji ya alfajiri yanayoshuka kutoka mlimani, mgeni anachagua kati ya mawili: uzi mwembamba wa maji ya moto, au maji mengi ya vuguvugu. Anayesifu shawa kwa sababu aliweka kidole akaungua hajaoga bado.

Lojing nzuri inaijua hesabu hiyo, ndiyo maana chini ya shawa kuna ndoo na jagi, safi, zimefunikwa. Waya wa shawa uwe mnene na uende moja kwa moja kwenye swichi yake yenye taa nyekundu, mahali pakavu. Ukikuta waya mwembamba uliounganishwa kwa selotepu, usiwashe. Swichi ikiwa kwa mpokezi, naye anaiwasha saa kumi na mbili na kuizima saa moja, nyumba hiyo inauza chumba nusu. Na aulizwe kuhusu tokeni za umeme. Nyumba makini haingoji mita ilie mgeni akiwa na sabuni machoni.

Bora kuliko shawa zote lilikuwa pipa. Lilikaa uani juu ya mawe matatu, na kuni za mukima ziliwashwa kabla ya jogoo. Saa kumi na moja ukasikia hodi, ndoo ikatuliwa mlangoni inafuka moshi, na aliyeileta akajiondokea kimya. Maji ya kuni yanakaa mwilini; ya umeme yanapita. Pipa lilihitaji mtu wa kuamka, na ndiyo sababu limeondoka. Nyumba chache za ndani ndani, huko Igoji na Mitunguu, zikiwa bado nalo zilitunze.

Mengine ni mepesi kuyaona. Lojing iliyo juu ya baa haifai, hata mwenyewe aape kwamba muziki wa mugithi unaisha saa nne; hauishi. Neti ni lazima Kiritiri na Ishiara, na iwe ya pembe nne. Ile ya duara inamwangukia mtu usoni. Meru mjini badala yake zitafutwe blanketi mbili, za sufu ikiwezekana. Mlango uwe na komeo la ndani linaloingia kwenye fremu, si kwenye plasta.

Daftari la wageni linastahili kutazamwa zaidi kidogo. Sheria inataka liwepo, na mgeni ataandika jina, kitambulisho, simu, anakotoka na anakokwenda. Tazama mpokezi anavyolifungua. Aliyefunzwa hulaza kipande cha kadibodi juu ya majina ya wengine, akakuachia mstari wako tu. Wazee wa kazi walifanya hivyo miaka mingi kabla ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa sababu walijua mume wa mtu, daktari wa mtu na mdaiwa wa mtu wote hulala mahali. Asiyefunzwa hulisukuma daftari wazi mezani, na kesho jina lako litasomwa na yeyote.

Na chai. Huku ndiko kwenye viwanda vya Mungania, Rukuriri, Kathangariri na Imenti. Majani yanachumwa karibu na dirisha. Mgeni kuletewa kikombe cha maji ya moto na pakiti ya kuchovya ni aibu. Chai ichemshwe na maziwa, iletwe kwenye chupa, na kando yake nduma au ndizi ya kuchemsha.

Mwenye lojing aliyekuwa amepanga kubadilisha televisheni mwaka huu, anunue mashuka kwanza: meupe, ya pamba, jozi ya tatu kwa kila kitanda, kabla ya Juni. Na wewe msafiri ukiamka Nkubu au Runyenjes umelala vizuri, usiishie kumsifu mwenye jengo. Uliza ni nani aliyetandika chumba, mtafute huko nyuma kwenye kamba, mshukuru kwa jina lake, na ukiweza mwachie chochote.