Vizingiti Vyote Viwili kwa Mkupuo

Kosa la ile MGB nyekundu halikuwa kwenye injini, wala kwenye rangi, wala kwenye turubai walilohangaika nalo mpaka likanyooka. Kosa ni la sehemu ya tatu ya mfululizo wa video za ukarabati wake, pale fundi mkuu alipowasha grainda, akakata kizingiti cha kulia kuanzia nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, kisha kabla ya kutia kipya akazunguka upande wa pili akakata na cha kushoto. Milango ilikuwa imeshang'olewa. Hakuna bomba lililofungwa kati ya nguzo na nguzo. Injini na giaboksi bado zilikuwa ndani. Stendi nne zilikuwa kwenye miisho ya gari, mbili mbele kabisa na mbili nyuma kwenye springi, na katikati hapakuwa na kitu cha kuibeba bodi. Kwa gari la wazi, sijui mpango mbaya kuliko huo.

Waliotazama kwa makini walimwona kijana msaidizi amesimama na bomba la mraba mkononi, akiuliza kama wasilichomelee kwanza. Akajibiwa kwamba bodi ile ni ngumu, itakaa yenyewe. Yule kijana alikuwa sahihi kuliko wote mle gerejini, na inaniuma kwamba tangu siku ile hatukumsikia tena akiuliza lolote.

Bodi haikukaa. Rudini sehemu ya tano, mlango wa dereva unaporudishwa kwa mara ya kwanza, na msimamishe picha kabla fundi hajaweka mkono wake juu ya ukingo. Kwa juu, mlango na fenda ya nyuma vimebanana hata karatasi haipiti. Ukishuka, mwanya unazidi kupanuka, na chini kabisa kidole kinaingia. MGB iliyo sawa ina mwanya wa kama milimita 4 au 5, unaoshuka hivyo hivyo toka juu hadi chini. Huu ulikuwa na umbo la kabari. Mwanya ukikaa kikabari namna hiyo, juu umebana na chini umeachama, basi tumbo la bodi limeshuka na nguzo mbili zimeinamiana.

Wenye kuijua MGB hawahitaji kuelezwa, lakini nalisema kwa sababu fundi mwenyewe alizungumza kama hajui. Tangu ianze kutengenezwa Abingdon mwaka 1962, gari hili halina chesisi ya peke yake kama MGA iliyolitangulia. Bodi ndiyo chesisi. Ile GT ya mwaka 1965 ina paa la kusaidia kuzuia. Hii ya wazi haina, kwa hiyo uzito wote unaotaka kulikunja gari katikati unazuiwa na handaki la giaboksi na vizingiti viwili. Vizingiti hivyo ni mifumbati ya kitanda: ukiing'oa yote miwili huku mtu amelala, usiulize kwa nini amefika sakafuni. Na kila kizingiti ni mabati matatu, la nje unaloliona, la ndani, na jingine la kusimama katikati yake. Yeye alikata yote matatu, pande zote mbili, siku moja.

Kazi hii ina utaratibu wake, na si siri ya mtu. Kwanza unapima mianya mlango ukiwa bado umefungwa, juu, katikati na chini, unaandika. Kisha unafunga bomba kutoka kwenye bawaba hadi kwenye kitasa, ukipenda lenye skrubu ya kukaza na kulegeza, ili nguzo zisisogee. Unakata upande mmoja tu. Unashika kizingiti kipya kwa nukta chache za moto, unarudisha mlango, unapima. Ukiridhika ndipo unachomelea moja kwa moja, kidogo kidogo, kwa kurukaruka, maana hata joto lenyewe linavuta bati. Ndipo unahamia upande wa pili. Wapo wanaoacha injini ndani makusudi ili bodi ibaki na uzito wake wa barabarani. Sibishani nao, kwa kuwa wao hufunga bomba na hubeba bodi inavyotakiwa. Aliyeacha injini ndani bila bomba hakufuata utaratibu wa kundi lolote.

Mzee aliyenifundisha kazi za bodi Mombasa alikuwa na kitu kimoja ambacho sijakiona kwenye gereji hizi za kamera. Kabla hajagusa bati alikata kipande cha kadibodi kwa umbo la mwanya wa mlango, akakiandika "kulia" au "kushoto", akakitundika ukutani. Gari likikaa kwake miezi, kadibodi ilikuwa pale pale. Kila alipochomelea alikishusha akakilinganisha. Hakuwa na mashine ya MIG, alikuwa na gesi, na milango yake ilifungwa kwa kidole kimoja.

Sasa tazama walivyolifunika kosa. Walitia vibati nyuma ya bawaba, wakasaga ukingo wa juu wa mlango, wakajaza puti kwenye fenda ya nyuma hadi mstari ukaonekana umenyooka. Rangi ikapigwa juu yake. Katika safari ya mwisho dereva anauinua mlango kwa goti ndipo ufunge, na kwenye kona ya juu ya nyuma rangi mpya imeshabanduka kipande cha ukubwa wa ukucha. Puti ile nayo itapasuka, kwa sababu bodi bado inacheza chini yake.

Nimekuwa nikilalamika humu kwamba tunapenda mng'ao kuliko chuma, na sitaacha. Mashindano ya magari ya zamani yanamtuza mwenye rangi ya kioo, na mafundi wamelielewa somo hilo. Matokeo yake ni bati la kufunika, lile linalochomelewa juu ya kizingiti kilichooza ili mnunuzi asione. Gereji moja ambayo siitaji iliwahi kuniuzia gari la namna hiyo kama "limekarabatiwa lote", na nilipochokoa kwa bisibisi ilizama mpaka mpini. Vilevile wanaong'oa injini ya asili ya sentimita za ujazo 1,798 na kutia ya Toyota wanajua maoni yangu. Mafundi wa MGB hii angalau hawakufanya hivyo. Ila waliondoa pointi na kutia kisanduku cha elektroniki, kitu ambacho kikifa usiku kabla ya Voi hakuna bisibisi itakayokifufua.

Kabureta mbili za SU zilisafishwa na kupangwa vizuri, tangi lililooza kwa juu lilibadilishwa, hosi zote za breki zikawa mpya na kingipini zikarudi kunywa grisi: kazi safi.

Ndiyo maana hasira yangu ni kubwa. Gari hili lilikuwa njiani kuwa la kutegemewa. Mwaka 1965 Joginder Singh, aliyekulia kwenye gereji ya baba yake, aliingia Safari Rally na kaka yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwishatumika, akaishinda. Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Safari ya miaka ile ilikuwa kisu: mwaka 1963 waliomaliza walikuwa saba tu, na 1968 saba tena. Bodi iliyopinda isingeona ng'ambo ya mbuga ya Taru. Watu wale walianza na kinachobeba gari, na hakuna aliyewauliza rangi.

Nimesikia utetezi kwamba milango ya MGB za wazi hugoma zote, ndivyo zilivyo. Si kweli. Hugoma zile zilizooza na zile zilizochomelewa vibaya. Kipimo ni rahisi: weka jeki mahali pake chini ya kizingiti, inua upande mmoja hadi tairi zitoke ardhini, kisha fungua na ufunge mlango. Bodi nzima haisemi kitu. Iliyolegea itaubana mlango hapo hapo.

Mwenye gari akifanya kipimo hicho na mlango ukabana, asikubali kuongezewa vibati kwenye bawaba. Vizingiti vikatwe tena, kimoja kimoja, bomba likiwa limefungwa na nguzo zimerudishwa kwa skrubu mpaka mwanya usome sawa juu na chini, na safari hii wapulize nta ndani, kwa kuwa waliviacha vikavu na gari linarudi kukaa pwani. Kama nguzo hazirudi, Uingereza wanatengeneza bodi kamili za MGB kwa mitambo ya asili tangu mwaka 1988. Ni ghali, na gharama hiyo haimhusu yeye. Alipe aliyeshika grainda.