VBoxManage: amri chache, seva tano

Jamani, kumbe hiki kitu kilikuwemo humo humo siku zote! Ukisakinisha VirtualBox, ile programu ambayo wengi wetu tumejifunzia Linux, unapata pamoja nayo VBoxManage, isiyo na dirisha wala vitufe. Unaandika amri kwenye terminali, mashine pepe inatii. Nimeijaribu kwa kutaka kuonja tu, na sasa kubofyabofya kumenitoka moyoni kabisa.

Onjeni hii:

VBoxManage startvm msingi --type headless

Mashine yangu ya Debian, niliyoipa jina la msingi, ikawaka bila dirisha lolote kufunguka. Kuizima kistaarabu ni controlvm msingi acpipowerbutton, sawa na kubonyeza kitufe cha umeme kwenye kompyuta halisi. Ilipozimika nikaipiga picha ya hali yake: snapshot msingi take safi. Raha yenyewe sasa:

for i in 1 2 3 4 5; do
VBoxManage clonevm msingi --snapshot safi --options link --name seva$i --register
VBoxManage modifyvm seva$i --memory 1024 --natpf1 "ssh,tcp,,220$i,,22"
VBoxManage startvm seva$i --type headless
done

Nikabonyeza Enter. Seva tano! Kila moja na poti yake, kuanzia 2201 hadi 2205, zote zinangoja niingie kwa SSH. Neno la kuliangalia hapo ni link. Nakala hazibebi diski nzima: zinasoma kutoka diski ya msingi, na kila moja inaandika pembeni yale tu yaliyobadilika kwake. Ndiyo maana zinazaliwa haraka hivyo, na ndiyo maana diski yangu haikujaa. Wala sikugusa bando la intaneti, maana kila kilichohitajika kilikuwa tayari ndani.

Kuna kitu kimoja kinachokera kidogo. Nakala hurithi hata jina la mwenyeji, kwa hiyo ukiingia kwenye zote tano unajikuta zote zinajiita msingi, na ni rahisi kufuta mahali pasipofaa. Ongeza hostnamectl kwenye skripti mapema.

Lakini tazama unachoweza kufanya baada ya hapo! Nilisakinisha PostgreSQL kwenye seva1, nikazifanya seva2 na seva3 zinakili data yake, kisha nikapiga controlvm seva1 poweroff. Hiyo haina ustaarabu, ni kuchomoa waya ukutani. Nikaipandisha seva2 iwe kiongozi, na data ilikuwepo! Nani atakuruhusu kufanya hivyo kwenye seva za ofisi inayolipa mishahara? Hapa ukiharibu, unaizima mashine, unaandika unregistervm seva3 --delete, unaiumba upya kutoka picha ile ile. Woga wa kuvunja vitu unakwisha, na mtu asiyeogopa kuvunja anajifunza upesi. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kuisifu.

Halafu savestate! UPS ikianza kulia, skripti yangu inasoma list runningvms, inapita mashine moja moja na kuhifadhi kila kilichomo kwenye RAM yake. Umeme ukirudi, zinaendelea pale pale zilipoishia.

VirtualBox si mgeni. Ilitolewa mwaka 2007 na kampuni ya Innotek ya Ujerumani, ikanunuliwa na Sun mwaka 2008, na tangu 2010 iko chini ya Oracle. Huo umri unaonekana kwenye wingi wa vipengele: ukiandika VBoxManage peke yake, maelezo yanamiminika ukurasa baada ya ukurasa. Msitishike. Amri nilizozitaja hapa zinabeba sehemu kubwa ya kazi za kila siku.

Ila diski ya msingi iheshimuni. Ikiharibika, nakala zote tano zinakwenda nayo, kwa hiyo mimi msingi siiwashi tena. Ipo kwa ajili ya kunakiliwa tu.

Wenye Windows, amri ikikataa kutambulika, ingieni kwanza C:\Program Files\Oracle\VirtualBox, kwa sababu ndiko iliko. Kisha andikeni VBoxManage list vms, mchague mashine mliyonayo, na muipige picha leo leo!