Siki, Pamba na Dakika Moja

Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo takriban yote huletwa na virusi vya papiloma, ina tabia moja adimu miongoni mwa maradhi ya kuua, nayo ni kutokuwa na haraka: aghalabu hukaa miaka 10, pengine 20, katika mabadiliko madogo ya seli yasiyouma wala kutoa damu, na atakayeyaona katika muhula huo huweza kuyaondoa. Taabu, basi, haikuwa kutibu bali kuona. Na kuona huko, tangu matabibu Papanicolaou na Traut walipochapisha mwaka 1941 makala yao ya kuitambua saratani kwa kusoma seli, kulihitaji hadubini, mjuzi wa kusoma seli, na mwanamke mwenye wasaa na nauli ya kurudi kufuata jibu, mambo matatu yasiyokutana kwa wepesi katika mitaa ya mafukara.

Ndipo mwaka 1998, katika mji wa Mumbai, ambao wazee wetu wa pwani waliuita Bombei, Daktari Surendra Shastri na wenzake wa hospitali ya Tata Memorial walipoanza kuujaribu uchunguzi wa siki kwa wanawake wapatao 150,000, nusu yao wakipimwa. Kiitwacho siki hapa ni asidi ya asetiki iliyozimuliwa hata ikabaki asilimia 3 hadi 5. Pamba iliyochovywa humo hugusishwa mlango wa kizazi, kisha mpimaji husubiri dakika moja, wala dakika hiyo haifai kuibiwa, kwani ndiyo kazi yenyewe: asidi hugandisha kwa muda protini za seli, na seli zilizoharibika, maadamu viini vyake vimejaa protini kuliko vya zile salama, huuzuia mwanga usipenye, pakatokea weupe mzito wenye kingo dhahiri.

Walioutazama weupe huo hawakuwa matabibu, bali wanawake waliosoma hadi darasa la 10 na kufundishwa majuma manne. Nao waliurudia uchunguzi kila baada ya miaka miwili, mara nne kwa jumla. Baada ya miaka 12, vifo vya saratani hiyo vilikuwa pungufu kwa asilimia 31 kuliko katika kundi la pili, lililopewa mafunzo tu bila kupimwa, jambo lililozusha lawama ambazo, kwa rai yangu, zilistahiki.

Illa jicho ni jicho. Uvimbe wa kawaida nao huweza kugeuka mweupe, na hedhi ikishakoma, mpaka wa seli unaotakiwa kutazamwa hujificha ndani. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, limekitanguliza kipimo cha vinasaba vya virusi. Hata hivyo, katika vituo vya afya vya Tanzania na Kenya siki ingali ikitumika, na ina fadhila ambayo maabara haina: jibu hutoka mwanamke angali kitandani, na doa likiwa la kutibika hapo hugandishwa kwa baridi au kuchomwa kwa joto siku iyo hiyo, asirudi nyumbani na deni la safari nyingine. Basi, dada uliyetimiza miaka 30, au 25 iwapo unaishi na virusi vya Ukimwi, usingoje maumivu. Nenda kituo kilicho karibu nawe ukaulize siku ya kupimwa.