Heko Wanafunzi wa Mitishamba

Huko Amani, Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902 na kupanda mikwinini, wanafunzi wa baiolojia hufanya kazi ambayo wengi hatuioni: kukusanya sampuli za mitishamba. Tawi hukatwa likiwa na ua au tunda, maana majani matupu humchanganya hata mtaalamu. Hulazwa ndani ya gazeti, likabanwa kwa mbao na mikanda. Gazeti likilowa hubadilishwa, sampuli isije ikaota ukungu. Kwenye lebo huandikwa tarehe, mwinuko na jina la Kishambaa kama mganga alivyolitamka. Nawapongeza hasa wale wanaomsikiliza mganga huyo bila haraka, na kumwomba idhini kabla ya kuandika dawa yake. Pasipo sampuli hiyo, maabara inayochunguza dawa hiyo ingepima mmea usiojulikana.