Namna ya Kuijua Roketi Nzuri ya Karatasi

Mashindano ya roketi yakifika darasani, macho hukimbilia iliyopakwa rangi na kuchorewa bendera. Wewe uliyepewa kazi ya kuamua, anza na mshono. Shika roketi kabla haijarushwa, pitisha kidole kutoka kitakoni hadi puani, kisha puliza kwa nyuma huku shavu la mwenzako likiwa karibu na maungio. Akihisi hewa, hapo ndipo nguvu ya chupa itakapopotelea. Roketi hizi husukumwa na hewa ya chupa tupu ya maji inayokanyagwa, ikapita kwenye bomba la plastiki la nusu inchi, kwa hiyo kila tundu ni hasara. Kiwiliwili kiteleze juu ya bomba bila kulazimishwa, wala kisichezecheze.

Halafu pima uzito mkononi. Karatasi moja ya A4 ya kawaida ya kurudufia ina takriban gramu 5 tu. Mtoto aliyezungusha selotepu tangu juu hadi chini ameongeza mzigo mkubwa bila kujua. Aliyeibandika kwenye mshono pekee ameelewa kazi. Pua ivute kidogo: ikitikisika, itang'oka kwa mkanyago wa kwanza. Iwe butu pia, kwa usalama wa macho.

Kwenye mapezi usiwe na haraka. Fumba jicho moja, tazama kwa nyuma. Yawe matatu au manne, yameachana sawasawa, yamegandishwa urefu wote wa kitako chake. Ya manila hushinda ya karatasi ya daftari, ambayo hupepea ikapunguza mwendo. Moja likipinda peke yake, roketi huenda kombo; yote yakipindishwa kidogo upande mmoja, huzunguka na kutulia. Roketi ya Scout iliyopaisha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, nayo ilikuwa na mapezi kitakoni.

Jaribio ninalolithamini kuliko yote halihitaji hata kurusha. Funga uzi mahali roketi inapokaa sawa bila kuinama, izungushe juu ya kichwa. Nzuri hutanguliza pua. Mbovu huenda ubavu au hutanguliza mkia. Dawa yake ni donge la udongo wa mfinyanzi, kama punje ya mbaazi, ndani ya pua. Watoto wa Mang'ola, majirani wa wawindaji Wahadzabe, hawahitaji maelezo marefu hapa: mshale wa Mhadzabe una kichwa kizito mbele na manyoya nyuma, kwa sababu ileile.

Sasa rusheni. Chagueni asubuhi, kabla upepo wa mchana haujaanza kupeperusha vumbi jekundu la Karatu. Bomba likae nyuzi 45 au pungufu kidogo, akanyage mtoto yuleyule kila mara. Umbali usilinganishwe na wa shule nyingine bila kutazama mwinuko. Mji wa Karatu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa takriban moja ya saba. Ukingo wa Ngorongoro unapita mita 2,200, wakati bonde la Ziwa Eyasi liko mita 1,000 na ushei. Hewa nyepesi huzuia kidogo, nayo mapezi huishika kidogo.

Kila roketi irushwe mara tatu. Iliyoangukia karibu mahali pamoja mara zote ni bora kuliko iliyokwenda mbali mara moja na kutumbukia mara mbili. Ya kwanza imetengenezwa. Ya pili imebahatika. Wengi hubishana nami kwa hili, lakini sioni namna nyingine ya kumtendea haki fundi.

Waamuzi wenzangu, msigawe zawadi baada ya duru ya kwanza. Mwambieni kila mtoto kasoro aliyonayo, mpeni karatasi nyingine, kisha ahesabiwe kwa roketi ya pili.