Masista Wanaoimba Motown

Mtazamaji aliyekulia Makadara au Dandora, Nairobi, akapitia kwaya ya parokia, huifuata Sister Act kwa masikio kabla ya macho. Filamu hiyo ya mwaka 1992, iliyoongozwa na Emile Ardolino, ni kichekesho chepesi. Deloris, mwimbaji wa klabu ya kamari anayeigizwa na Whoopi Goldberg, anashuhudia mpenzi wake jambazi akiamuru mtu auawe, na polisi wanamficha katika nyumba ya watawa San Francisco. Mwisho wake unajulikana mapema. Utamu uko kwenye mazoezi ya kwaya ya masista.

Kabla ya Deloris kuishika kwaya hiyo, kila sista anaimba kivyake, naye Sista Alma anapiga piano bila kuwasikia wenzake vizuri. Deloris hawahubirii. Anawapanga upya kwa sauti, anamwambia Sista Mary Patrick apunguze, anaitafuta sauti ya Sista Mary Robert isiyomfikia hata jirani yake, kisha anawataka wasikilizane. Kicheko chote kinatokana na makosa ambayo mwalimu wa kwaya wa parokia ya Holy Trinity Buruburu anayajua: aliyeingia mapema, anayewafunika wenzake, anayeogopa noti ya juu. Kuimba vibaya kwa ustadi ni kazi ngumu, na hapa inafanywa na kundi zima.

Halafu kuna nyimbo zenyewe. "My Guy", aliyoiandika Smokey Robinson na kuimbwa na Mary Wells mwaka 1964, imebaki na mdundo wake wa Motown. Katika maneno yake, kijana ameondolewa, Mungu akaingia mahali pake. "I Will Follow Him" ilishika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1963, Peggy March akiwa na miaka 15 tu, na masista wanaianza polepole kama sala kabla ya kuichangamsha. Marc Shaiman, aliyezipanga upya nyimbo hizi, hakuyafanyia mzaha mapenzi ya wimbo wala imani ya waimbaji. Ndiyo maana kichekesho hiki hakichuji.

Wakazi wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, wanauelewa mchanganyiko huu wa sala na mdundo bila kufafanuliwa. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ngoma na kayamba ziliingia misani, na mwaka 1990 Muungano National Choir ya Boniface Mganga ilirekodi Missa Luba, misa ya Kilatini yenye mahadhi ya Kongo. Kwa hiyo "Hail Holy Queen" inapolipuka kwa makofi na wapita njia wakaingia kanisani kuona kulikoni, mtazamaji wa Jericho anahisi yuko nyumbani. Kinachomvunja mbavu ni uso wa Mama Mkuu. Maggie Smith hapigi kelele wala hatupi mikono. Midomo inabana kidogo, basi. Huo ndio uigizaji!

Sehemu ya pili ya filamu, ya mwaka 1993, ina hadithi dhaifu zaidi, lakini imewapa wanafunzi "Oh Happy Day". Wimbo huo ulizaliwa kanisani karne ya 18, Edwin Hawkins na waimbaji wake wakaupandisha kwenye chati za pop mwaka 1969, na filamu ikaurudisha kwa kwaya ya shule, pamoja na ile noti ya juu ya Ryan Toby ambayo kila kijana mwenye sauti nyembamba hutaka kuijaribu.