Choo cha Ndoo Hupimwa Siku ya Kubadilishwa

Mnunuzi wa choo cha ndoo mjini Lodwar au Kakuma, huko Turkana, aghalabu huanza kukagua kiti: kama kimenyooka, kama rangi inang'aa, kama mfuniko unakaa vizuri. Anakagua sehemu ambayo ni nadra kuharibika. Choo cha namna hii hakina shimo. Kinyesi huangukia kwenye ndoo iliyo chini ya kiti, mkojo hupitia njia yake, na ndoo ikijaa huzibwa, hubebwa, na kuachia nyingine nafasi. Kwa hiyo kazi ngumu haiko kwenye kukaa bali kwenye kubadilisha. Choo kizuri ni kile ambacho ndoo yake hutoka bila kumwagika wala mkono kugusa uchafu, na ambacho kila kipande kinachochakaa hufunguliwa, huoshwa na kupatiwa kingine na fundi wa hapohapo. Mengine yote ni mapambo.

Kigezo hiki kina uzito Turkana kuliko sehemu nyingi. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafuata mwaka 2016. Miaka yote hiyo watu wameishi kwa vyoo vya shimo. Shimo likijaa huchimbwa jingine, na kiwanja cha kuchimba huzidi kupungua. Mvua ikinyesha milimani, laga ya Tarach, yaani mto wa msimu, huja kwa ghafla, na shimo lililojaa maji hutapika. Kipindupindu kilipozuka kambini mwaka 2005, uchunguzi ulionyesha kwamba kuchangia choo na familia nyingine tatu au zaidi kuliongeza hatari ya kuugua, na kwamba kuhifadhi maji ya kunywa kwenye chombo kilichofunikwa kulikinga. Ndiyo sababu shirika la Sanivation, lenye makao Naivasha, na washirika wake walijaribu Kakuma vyoo vya nyumbani vinavyotenganisha mkojo, pamoja na huduma ya kukusanya ndoo. Utafiti uliolinganisha huduma hiyo na vyoo vya shimo ulichapishwa mwaka 2017. Choo cha familia moja, kisichohitaji kuchimbwa, kinaweza kukaa karibu na mlango wa nyumba, na jambo hilo si dogo kwa mwanamke anayetoka usiku au kwa mzee asiyeweza kutembea mbali.

Ukaguzi uanze kwenye utenganishaji, maana mkojo ukichanganyika na kinyesi ndipo harufu na nzi huanza. Mwaga lita moja ya maji taratibu sehemu ya mbele ya bakuli, kisha toa ndoo uitazame: isiwe na tone. Baadaye fuata njia ya mkojo kwa macho na kwa kidole. Bomba liwe pana, literemke moja kwa moja, lisiwe na kona kali, na liweze kuchomolewa bila kuvunja kitu. Mkojo huacha utando mgumu wa chumvi ndani ya bomba, na bomba jembamba lenye kona huziba polepole hadi siku linapofurika. Maji ya moto na siki huyeyusha utando huo ukiwahiwa. Kataa chuma na mabati mahali popote mkojo unapopita, hata kama fundi ameyapaka rangi mara mbili, kwa sababu mkojo hula metali. Plastiki ndiyo inayofaa. Kwenye bomba la hewa tafuta wavu wa nzi juu kabisa na ncha inayopita paa. Wazo hilo liliendelezwa nchini Zimbabwe katika miaka ya 1970, na Peter Morgan akiwa mstari wa mbele: upepo huvuta hewa juu, na nzi anayefuata mwanga hunaswa kwenye wavu. Wavu uliotoboka umepoteza kazi yake.

Sehemu ya pili ni mfuniko na mpira wake, na hapa somo zuri linatoka kwenye vyoo vya kaseti vya magari ya kulala ya watalii. Vyoo hivyo hubeba uchafu kwenye tangi dogo, mara nyingi la lita chini ya 20, lenye mlango wa kuteleza uliozungushiwa mpira. Vinapoharibika, mara nyingi kosa liko kwenye mpira huo: umekauka, umepasuka, au umeingia mchanga, na tangi linavuja linapobebwa. Dawa yake ni kuosha kwa maji ya kawaida, kukausha, na kupaka silikoni kidogo. Wengi hupaka mafuta ya mgando ya ngozi kwa kuwa yako karibu. Mafuta hayo hutokana na petroliamu na huufanya mpira uvimbe na kulegea. Vumbi la Turkana huleta tatizo lilelile kwa kasi zaidi. Kwa hiyo mwulize muuzaji maswali mawili kabla ya bei: mpira huu hutolewa vipi, na mwingine wa kipimo hiki unauzwa wapi Lodwar? Kama mpira umegandishwa kwa gundi, au hupatikana Nairobi pekee, choo hicho kina umri wa mpira wake. Kisha fanya jaribio: jaza ndoo maji nusu, funga mfuniko, ilaze ubavuni juu ya karatasi kavu kwa saa moja. Karatasi ikilowa, usinunue.

Ndoo yenyewe ipimwe kwa hesabu. Mtu mzima hutoa wastani wa gramu 130 hivi za kinyesi kwa siku, na mkojo unaokaribia lita moja na nusu. Familia ya watu wazima watano hutoa gramu 650 za kinyesi. Ukiongeza jivu la kufunika kinyesi, ni takriban lita moja au zaidi kidogo kwa siku. Ndoo ya lita 20 basi inatosha wiki nzima bila kujaa zaidi ya nusu, na ni vizuri iwe hivyo, kwa kuwa ndoo iliyojaa hadi mdomoni hukaribia kilo 20 na humwagika mikononi mwa mbebaji. Mkojo ni habari nyingine: lita saba kwa siku hujaza mtungi wa lita 20 kabla siku ya tatu haijaisha. Muuzaji anayekupa mtungi mmoja wa mkojo na kukuambia atarudi baada ya wiki hajapiga hesabu. Ama kuwe na mitungi ya kutosha, ama mkojo upelekwe kwenye shimo dogo la kufyonza mbali na kisima, hasa Lodwar, ambako maji ya mji huchotwa kwenye visima vya kandokando ya mto Turkwel. Vishikio viwe viwili na vipana. Plastiki iwe nzito na nyeusi, kwa kuwa jua huivunja haraka plastiki nyembamba ya rangi nyepesi, na nafasi ya ndoo iwe kivulini.

Wapo wanaosema kwamba choo kikavu hakiwafai wanaojisafisha kwa maji, na Kakuma ina Waislamu wengi kutoka Somalia na kwingineko. Pingamizi hili ni la haki, na fundi anayelijibu kwa kuwaomba watu wabadili ibada yao amekosea. Maji ya kustanji yakiingia kwenye ndoo huharibu ukavu unaozuia harufu. Jibu ni la ufundi: choo cha wateja hao kiwe na sehemu ya tatu, pembeni ya kiti, yenye mfereji wake wa kutoa maji. Choo kisicho nayo ni choo pungufu kwa nyumba hiyo, hata kama kinasifiwa kwingine.

Pingamizi zito zaidi ni hili: shimo huendelea kupokea hata kama hakuna anayekuja, ilhali ndoo humtegemea mkusanyaji. Gari likiharibika njiani au fedha za mradi zikikatika, familia hubaki na ndoo iliyojaa. Ni kweli. Kwa sababu hiyohiyo huduma ni sehemu ya ubora wa choo, nayo ikaguliwe pamoja na plastiki. Nyumba iachiwe angalau ndoo moja ya akiba yenye mfuniko, ratiba ijulikane, na wabebaji wawe na glavu, buti na maji ya kunawa. Mradi usioweza kueleza nani atakuja wiki ambayo msaada umesimama haujauza choo, umeuza ndoo. Na mahali ambapo huduma hiyo haiwezekani, nafasi ipo na udongo unashika, choo cha shimo kilichojengwa vizuri ni chaguo la busara.

Wengine hudai kwamba joto la Turkana litaua vijidudu lenyewe, kwa hiyo ndoo iachwe tu nje. Takwimu zinakataa. Mayai ya minyoo, ambayo ndiyo sugu kabisa, huhitaji nyuzi 62 kwa saa moja, au 50 kwa siku nzima, au 46 kwa wiki, au 43 kwa mwezi. Joto la mchana Lodwar huzunguka nyuzi 35. Ndoo nyeusi juani huweza kuunguza mkono kwa nje huku katikati yake pakiwa na uvuguvugu tu. Ndiyo maana Sanivation ilitumia vioo vya kukusanya miale ya jua ili kupandisha joto. Anayedai kusafisha kwa jua aonyeshe kipimajoto kilichochomekwa katikati ya uchafu na daftari la saa zake. Bila hivyo, ndoo imehamishwa tu kutoka uwanja mmoja hadi mwingine.

Mnunuzi, na afisa unayeidhinisha zabuni ya vyoo mia kwa siku moja, usikubali kuonyeshwa choo kipya kikiwa kimefungwa. Omba ndoo itolewe mbele yako na mtu atakayeitoa kila wiki, bomba lichomolewe na kurudishwa, mpira uvuliwe na kuvishwa. Kazi hiyo ikimalizika kwa dakika chache na mikono ikabaki safi, lipa. Ikishindikana mbele ya muuzaji, haitawezekana nyumbani kwako.